Kozi Zinazovuka Mto: Kuhama Chuo Kikuu Kwetu Kongo, Tangu Lovanium Mpaka LMD



Tangu mwaka jana simu yangu haitulii. Mzazi mmoja ananipigia asubuhi, mwingine usiku, na ulizo ni lile lile: "Prof, mutoto anataka kuhama chuo. Achague kozi gani ili asianze tena ku zero?" Mimi si profesa. Ni mwalimu wa historia ambaye alipitisha miaka kadhaa kwenye sekretaria ya fakilte moja, akipanga dosie za wanafunzi. Lakini munajua kwetu, mtu akiwa na lisansi na miwani anaitwa Prof, basi nimezoea.

Nimeona heri nijibu wote pamoja hapa, na nijibu kwa njia ninayoijua, yaani historia. Maana kuhama chuo si jambo la leo Kongo. Wazee wetu walihamishwa na amri ya serikali, wengine na vita, wengine na njaa ya minervali. Kila mara walifika mahali pengine na karatasi mkononi, na mtu nyuma ya meza akaangalia ile karatasi na kuamua: hii kozi tunaihesabu, hii hatuihesabu. Tukifuata ile meza kwa miaka sabini, tutaona ni kozi gani zilivuka na ni zipi zilibaki ng'ambo.

Tuanze wakati wa Wabelgiji. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 kule Kimwenza, juu ya kilima, kama binti wa Chuo Kikuu cha Leuven. Miaka miwili baadaye, 1956, chuo kikuu cha serikali kikafunguliwa Élisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Tangu mwanzo shida ya karatasi ilikuwako. Wakuu wa Lovanium walitaka diploma yao iwe na uzito sawa na ya Ubelgiji, lakini shule nyingi za sekondari za Wakongomani hazikuwa zimepewa programu sawa na za Wazungu. Ndipo wakaweka mwaka wa matayarisho kabla ya mwaka wa kwanza. Kijana alimaliza sekondari, akafika Kimwenza na furaha yake, akaambiwa: bado, kwanza hesabu, Kifaransa na sayansi, kisha utaingia. Wengi waliona ni matusi. Kwa upande moja ilikuwa hivyo, maana kosa halikuwa la kijana, lilikuwa la yule aliyepanga shule mbili katika nchi moja. Lakini ona ni masomo gani waliyodai. Hawakudai historia ya wafalme wa Ubelgiji. Walidai yale ambayo kozi zingine zote zinasimama juu yake.

Kuna kundi lingine ambalo watoto wetu hawalijui, na mimi nalipenda sana. Ni asistenti medikali. Kabla ya uhuru Mkongomani wa kazi ya tiba kwa kawaida hakufunzwa kuwa daktari kamili. Alifunzwa kuwa msaidizi wa daktari, kwa masomo marefu na mazoezi marefu hospitalini. Watu hao walipasua, walizalisha, walitibu malale na malaria, lakini jina la daktari walinyimwa. Mwaka 1960, madaktari Wabelgiji walipoondoka kwa wingi, nchi ikabaki karibu bila daktari. Shirika la Afya Duniani likafanya hesabu ya haraka na kuona kwamba hawa wasaidizi tayari wana nusu kubwa ya njia. Wakatumwa vyuo vya tiba vya Ufaransa, na hawakuanzishwa mwaka wa kwanza. Masomo yao ya zamani yalihesabiwa, wakaongezewa yale yaliyokosekana, na baada ya miaka michache wakarudi madaktari.

Hapo njo pana somo letu la kwanza. Kwa nini masomo yao yalivuka bahari? Anatomia ya Kinshasa na anatomia ya Ufaransa ni moja, mwili wa mtu haubadiliki kwenye mpaka. Tena mazoezi yao yalikuwa yameandikwa: muda gani, hospitali gani, chini ya daktari gani. Kitu kinachofanana kila mahali, na chenye karatasi, kilivuka bila makelele mengi.

Sasa twende Stanleyville, ambayo ni Kisangani. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalifungua pale Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Hakikumaliza hata mwaka wake wa kwanza vizuri. Agosti 1964 waasi wa Simba waliingia mjini. Chuo kikahamia Léopoldville, kikapokelewa na Lovanium, Waprotestanti wageni ndani ya nyumba ya Wakatoliki, mpaka walipoweza kurudi kwao baadaye. Nawaza juu ya wale vijana wa mwaka wa kwanza. Chuo chao kilikuwa kichanga, hakina sifa, hakina wazee waliokwisha kupata diploma. Lakini kilihama kama chuo, na walimu wake, na majina yake, na programu yake. Mwanafunzi hakuhama peke yake. Hiyo ni tofauti kubwa. Chuo kikihama nzima, kozi zinahama nazo. Kijana akihama peke yake, ni yeye wa kuzibeba.

Kisha ikaja 1971. Wazee wa chama hiki wanajua ninachotaka kusema, na wengine bado hawapendi kukizungumuza.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana, askari wakapiga risasi, vijana wakafa. Juni 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka wale waliokufa, Mobutu alifunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Agosti ya mwaka ule ule vyuo vyote vitatu, cha Wakatoliki, cha Waprotestanti na cha serikali, vikafungwa katika kamba moja: chuo kikuu cha taifa. Oktoba nchi ikabadilishwa jina, na chuo nacho kikawa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Rekta mmoja Kinshasa, kampasi tatu, na taasisi za juu, kama zile za ualimu, ndani ya kapu moja.

Lakini haikuishia kwenye majina. Fakilte ziligawanywa kama viti vya sebuleni. Sheria, uchumi na tiba zikakusanywa Kinshasa. Barua, yaani lugha, historia na falsafa, pamoja na sayansi za jamii na siasa, zikapelekwa Lubumbashi. Saikolojia na ualimu zikaenda Kisangani. Kijana aliyekuwa anasoma historia Kinshasa, karibu na wajomba zake, akaambiwa historia iko Lubumbashi sasa, mbali zaidi ya kilomita 1,500. Aliyekuwa anasoma tiba Lubumbashi, njia yake ikawa kinyume. Maprofesa nao walihama, V. Y. Mudimbe, ambaye dunia nzima inamusoma leo, alikuwa mmoja wa wale waliofundisha Lubumbashi miaka ile.

Tusidanganyane, nia ya serikali haikuwa masomo tu. Wanafunzi wa aina zote katika mji mkuu mmoja walikuwa hatari kwa utawala. Waliotawanyika katika kona tatu za nchi walikuwa hatari kidogo. Lakini kwa jambo letu la leo, angalia kilichotokea kwa kozi. Kwa sababu sasa kulikuwa na chuo kimoja tu na programu moja, mwaka uliopita wa mwanafunzi ulitambuliwa mahali popote. Ukifaulu mwaka wa pili wa graduat kampasi hii, unaingia wa tatu kampasi ile. Hakuna aliyekuuliza kozi moja moja. Bei yake ilikuwa hii: mwanafunzi hakuwa na la kuchagua. Huchagui chuo, huchagui mji, na huchagui kozi. Unachagua opsio, basi. Kozi zote za opsio zimepangwa na watu wa juu, na unazichukua zote kama sahani ya karamu ambayo mama mwenye nyumba amekwisha kupakua.

Ile desturi tulirithi, na ilidumu hata baada ya UNAZA kuvunjwa mwaka 1981, Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani zikawa tena vyuo vitatu vinavyojitegemea. Miaka mitatu ya graduat, miwili ya lisansi. Mwaka ulikuwa kipande kimoja, hakikatwi. Mwisho wa mwaka juri inakaa, deliberasio inafanyika, matokeo yanabandikwa kwenye valvu, na wewe unatafuta jina lako huku magoti yanatetemeka: satisfaksio, distinksio, au urudie. Ukianguka vibaya unarudia mwaka, hata zile kozi ulizopata pointi kumi na sita juu ya ishirini. Huo ulikuwa mfumo wetu.

Lakini nchi ilibadilika kuliko mfumo. Mwanzo wa miaka ya 1990, vyuo vilifungwa na kufunguliwa ovyo. Mei 1990 wanafunzi waliuawa usiku kwenye kampasi ya Lubumbashi, jambo ambalo liliharibu jina la utawala mbele ya dunia. Kisha Wakasai walifukuzwa Katanga, familia nzima nzima zikapanda treni, na katika familia hizo kulikuwa na watoto wa chuo. Wakati ule ule vyuo vya binafsi na vya makanisa viliota kila mahali: Graben kule Butembo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki kule Bukavu, kingine Mbujimayi. Na kulikuwa na kile tulichokiita ekstansio. Kisangani ilifungua matawi Goma na Bukavu mwaka 1993, ambayo baadaye yakawa vyuo vikuu vyenyewe. Kijana alisoma Goma, lakini alama ya chuo mama ilitoka Kisangani. Na katika vita vya 1998, Kinshasa ilikuwa upande mmoja wa mstari wa mbele na Goma na Kisangani upande mwingine.

Mimi nilifika kwenye sekretaria baada ya vita hivyo. Niwaambie nilichokiona mezani pangu. Walikuja vijana wenye releve za pointi ambazo ziliandikwa "Ekonomia: 12/20" bila saa, bila maelezo. Ekonomia gani? Saa 30 au saa 90? Walikuja wengine na releve nzuri lakini bila silabusi, kwa sababu silabusi waliyonunua kwa profesa iliungua na nyumba. Na walikuja wachache, mara nyingi watoto wa walimu, wenye dosie kamili: releve yenye mhuri, hati ya kufaulu ya kila mwaka, orodha ya kozi na saa zake, silabusi zimefungwa kwa kamba. Wote watatu huenda walikuwa na akili sawa. Yule wa tatu aliingia mwaka wa tatu. Wawili wa kwanza waliambiwa waanze mwaka wa kwanza, au warudi kutafuta karatasi katika mji ambao njia yake ilikuwa imefungwa. Nimeona mwanaume wa miaka ishirini na saba analia mbele ya apariteri juu ya karatasi moja.

Sasa krediti, hili neno ambalo watoto wanalitamka kila siku, limetoka wapi?

Mizizi yake iko Marekani. Kule mwanzo nao walikuwa na sahani moja ya karamu, mpaka watu kama Charles W. Eliot, aliyeongoza Harvard kuanzia 1869 mpaka 1909, walipowaruhusu wanafunzi kuchagua kozi wenyewe. Mara tu mwanafunzi anapochagua, unahitaji kipimo cha kujumlisha vipande. Mwaka 1901, mji wa Joliet karibu na Chicago ulianzisha chuo kidogo cha miaka miwili, na wanafunzi sita tu, kwa mapatano kwamba wakimaliza pale wataweza kuendelea katika chuo kikuu bila kurudia. Kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi aliweza kusoma miaka miwili nyumbani kwa bei ndogo, kisha akahama. Miaka michache baadaye, mfuko wa Carnegie, ambao ulitaka kuwalipa maprofesa pensheni, ulidai vyuo vihesabu masomo kwa saa ili vipimike. Ndiyo maana kipimo ni saa. Hakipimi akili, kinapima muda. Wengi wanakisema vibaya kwa sababu hiyo, na wana haki, lakini bila kipimo hakuna kuhama.

Ulaya nayo ilianza kipimo chake mwaka 1989, kwa ajili ya wanafunzi waliokwenda kusoma mwaka mmoja nchi jirani. Mwaka 1999 mawaziri wa nchi 29 walikutana Bologna, Italia, na kukubaliana kupanga masomo kwa ngazi zinazofanana. Nchi zinazosema Kifaransa ziliita mfumo huo LMD: lisansi, masta, doktora. Kwetu sheria ya elimu ya Februari 2014 iliutaja, na mwaka wa masomo 2021-2022 ukaanza kweli kweli kwenye auditoriamu. Lisansi sasa ni miaka mitatu na krediti 180, masta miaka miwili na krediti 120, yaani krediti 60 kila mwaka, 30 kila semesta. Na jambo kubwa kuliko yote: krediti uliyopata ni yako. Haiondoki kwa sababu umeanguka kozi nyingine.

Hapa wazazi wananiambia: basi shida imekwisha, Prof! Haijaisha. Imebadilika sura.

Kwanza, namba hazina maana moja kila mahali. Mwaka mmoja wa masomo kwetu ni krediti 60. Tanzania, mwaka ule ule ni krediti 120, kwa sababu krediti yao moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, wakati ile ya Ulaya ambayo sisi tuliifuata ni saa 25 mpaka 30. Marekani mwaka ni krediti 30 hivi. Sasa mtoto wetu anafika Dar es Salaam na krediti 120 baada ya miaka miwili ya bidii, na mtu asiyejua anamwambia: hii ni mwaka mmoja. Siyo! Ndugu zetu waliohamia Marekani kama wakimbizi nao wanakutana na kinyume chake. Kwa hiyo usihesabu kwa krediti peke yake. Andika daima saa na mwaka pembeni. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na vijana wetu wa Kivu wako Bujumbura, Kampala na Kigali. Hesabu hii si ya mbali, iko mlangoni.

Pili, krediti inavuka, lakini anayepokea njo anaamua iingie wapi. Chuo kinaweza kukubali krediti yako kama kozi ya kujaza tu, bila kukuondolea kozi ya lazima. Hapo umevuka mto na mzigo, lakini soko halinunui.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mtoto wa dada yangu alikuwa mwaka wa pili wa usimamizi na uchumi Bukavu. Februari 2025, mji ulipobadilisha mikono baada ya Goma, familia iliamua aondoke. Baada ya miezi kadhaa alipata nafasi katika chuo kingine, mbali, ambacho sitakitaja. Walikaa na karatasi zake. Hesabu: ndiyo. Takwimu: ndiyo. Uhasibu wa kwanza na wa pili: ndiyo. Ekonomia ndogo: ndiyo. Kiingereza: ndiyo. Kompyuta: hapana, kwa sababu hakuwa na maelezo ya kozi, na kwenye releve iliandikwa jina tu. Kozi moja ya sheria ya biashara ilikataliwa kwa sababu sheria ya nchi ile ni nyingine. Na kozi tatu ndogo zilizounganishwa katika kipande kimoja chenye jina refu zilikataliwa zote, kwa sababu pale hakuna kipande cha jina hilo. Dada yangu aliuza shamba dogo la Kabare kulipa safari na semesta ya kwanza. Kila kozi iliyokataliwa ilikuwa na bei ya mihogo, na huu si mfano wa maneno. Semesta moja zaidi ni kodi ya nyumba, ni chakula, ni mwaka wa mdogo wake kukaa bila kusoma.

Angalia ile orodha yake, kisha rudi kwa asistenti medikali wa mwaka 1960, na kwa wanafunzi wa Lovanium kabla yao. Ni hadithi moja. Zilizovuka ni zile zinazofanana kila mahali na zenye karatasi. Zilizobaki ni zile za kienyeji, za jina la ajabu, au zisizo na maandishi.

Basi kwa watoto wetu wanaojua, au wanaohisi tu, kwamba huenda watahama, nasema hivi.

Miaka miwili ya kwanza, zikamate kwanza kozi za msingi za fani yako: hesabu, takwimu, kemia, anatomia, uhasibu, lugha. Usiziache nyuma ili uzirudie baadaye, maana hujui baadaye utakuwa wapi. Zile za kuchagua, hasa zinazohusu mambo ya mahali tu, ziweke mwisho, utakapojua utamalizia wapi. Siyo kwamba hazina thamani. Mimi ni mtu wa historia, sitasema historia ya Kivu haina thamani! Lakini ile unaweza kuisoma hata kwa babu, na chuo cha ugenini hakitakurudishia krediti yake.

Kabla ya kujiandikisha semesta mpya, tafuta programu ya chuo unachokitamani na uiweke pembeni ya programu yako. Iko kwenye intaneti, au kuna ndugu anayesoma kule, mpigie. Soma majina na saa. Ukiona kozi yako ina saa 30 na yao ina 60, ujue itakubaliwa nusu au itakataliwa. Kozi yenye mfuatano, ya kwanza na ya pili, usiihame katikati. Imalize. Nusu ya mfuatano ni kama daraja la nusu. Na pointi za chini, zile za kupona tu, mara nyingi hazivuki. Penye kozi ya msingi, tafuta pointi nzuri hata kama deliberasio ya nyumbani ingekusamehe.

Kisha karatasi, karatasi, karatasi. Kila mwisho wa semesta, siyo mwisho wa masomo, omba releve yenye mhuri. Piga picha ya kila silabusi, ukurasa wa jina, saa na mpangilio wa masomo, na uitume kwa watu wawili walio miji miwili tofauti. Karatasi iliyo Bukavu peke yake iko hatarini. Iliyo Bukavu na Kinshasa na kwenye simu ya shangazi Nairobi, hiyo imepona.

Na wazazi, tafadhali, musimuulize mtoto chuo tu. Mara nyingi tunasema "anasoma Kinshasa" na tunashangilia, bila kuuliza wamemuingiza mwaka gani. Afadhali chuo chenye jina dogo kinachohesabu kozi kumi kuliko chenye jina kubwa kinachohesabu tatu. Ombeni jibu kwa maandishi kabla ya kulipa minervali. Ahadi ya mdomo ya mtu wa ofisini haina mhuri.

Nimalizie na sisi wenyewe, watu wa chama. Mwaka 1971 serikali iliamua kwa niaba ya vijana, na angalau programu ilikuwa moja. Leo hakuna anayeamua kwa niaba yao. Kila mmoja anavuka peke yake. Kati yetu kuna walimu, wakuu wa sehemu, makatibu wa fakilte katika karibu kila jimbo, na wengine nje ya nchi. Napendekeza tuanze daftari moja: kila mwanachama alete programu ya chuo anachokijua, na saa zake, na jina la kozi kama linavyoandikwa pale. Mimi naanza na ile ya sehemu yangu ya historia, miaka yote mitatu, nimekwisha kuichapa. Mwenye ya uchumi, ya tiba, ya agronomia, ya ualimu, alete. Mwezi wa kumi vijana wataanza kujiandikisha, na ingekuwa vizuri waikute iko tayari.